Mlikula kuku wa mashine?



Kwenye mkutano uliopita wa AVEC yetu, baada ya kuhesabu feza na kufunga kisanduku kwa funguo zake tatu, tulikaa kidogo kupiga masimulizi kama kawaida. Sisi wanne tuliorudi kutoka Nairobi kununua vikwembe tulisimulia safari. Tukaeleza habari ya basi, ya mipaka, ya baridi ya alfajiri, na kila mtu alisikiliza vizuri. Tulipofika kwenye chakula tukasema kweli: mahali tulipokula kwa raha kuliko pote ni restora moja ya kuku, ya zile zenye jina moja na matawi mengi, ukitoka mtaa huu unaikuta mtaa wa pili. Mama mkubwa wetu mmoja, mwenye restora pale soko la Mulongwe, akaweka kikombe chake chini. "Yaani mmetoka Uvira, kwenye mikebuka, mkaenda mpaka Nairobi kula kuku wa mashine?" Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika.

Na sisi tulicheka. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, tuliona kwamba hatukumjibu. Jarida letu hili linaingia katika nyumba zote, na yeye ni wa kwanza kulidai kila wiki ili mjukuu wake amsomee. Basi mjukuu, soma taratibu. Hili jibu ni la bibi yako.

Kwanza tueleze tunasema juu ya nini, maana hapa Uvira hakuna hata moja. Restora ya jina moja ni ile ambayo kampuni moja inaiweka mahali pengi: rangi moja, sahani moja, bei moja, namna moja ya kupika. Aliyekula kwenye tawi la kwanza anajua atakachokikuta kwenye tawi la kumi. Wenye kuzichukia wanasema hazina roho, chakula chake hakina mama. Hilo tutalifikia. Sisi tunataka kuanza na usiku wa kwanza wa safari.

Tulifika Nairobi saa nne za usiku, tumekaa kwenye basi mpaka miguu imevimba. Mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Tuliingia mahali pa kwanza tulipoona taa. Jina lake hatuliandiki, kwa sababu pangeweza kuwa mji wowote, hata wetu. Ukutani hapakuwa na bei. Tuliuliza mchele na maharagwe ni shilingi ngapi. Yule kijana alitusikiliza kwanza namna tunavyosema Kiswahili, akaangalia vikwembe vyetu na mizigo yetu, halafu ndipo akataja bei. Nyinyi mnaouza sokoni mnakijua kile kitambo kidogo cha kunyamaza kabla ya bei kutajwa. Tumekitumia sisi wenyewe kwa wageni, tusikatae.

Tulipokuwa tunakula, wanaume wawili walivuta viti wakakaa kwenye meza yetu bila kuuliza. "Wamama wa Kongo, mabwana wenu wako wapi?" Tuliinamisha vichwa tukala haraka. Mwenye mtoto alitaka kumnyonyesha, akaangalia ile meza, akaacha. Mtoto akalia. Choo kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda zake. Wakati wa kulipa tulitajiwa hesabu kubwa kuliko ile ya mwanzo. Tukalipa, tukatoka. Usiku ule, kwenye chumba cha wageni, mwenye mtoto alisema kitu kimoja tu kabla ya kulala: kwamba kama bwana yake angekuwa naye, bei ingekuwa ileile ya mwanzo.

Kesho yake mchana tuliingia Kenchic Inn, katikati ya mji. Bei zilikuwa zimeandikwa juu, mbele ya macho ya kila mtu. Tulisimama, tukasoma, tukageuza shilingi kuwa dola vichwani, na kabla ya kufungua mdomo tulijua kwamba feza yetu inatosha robo kuku kwa kila mtu pamoja na viazi vya kukaanga. Hakuna aliyetusikiliza namna tunavyosema. Mtu aliyekuwa mbele yetu alikuwa na koti na mkoba wa ofisi. Alilipa robo yake, na sisi tukalipa robo yetu, bei ni hiyohiyo. Tulinawa mikono, tukakaa kwenye kona. Mtoto akanyonya mpaka akalala. Tulikaa karibu saa nzima na hakuna mtu aliyetuuliza sisi ni wake wa nani.

Siku ya tatu tulikuwa upande mwingine wa mji, tumechoka na mizigo, hatuujui ule mtaa hata kidogo. Tukaona lile jina tena mlangoni. Wamama, ile furaha! Ni kama kumkuta mtu wa kwenu ugenini. Tuliingia bila woga, tukaagiza bila kuangalia juu, kwa sababu tulikwisha kujua.

Ndiyo sababu tunazitetea. Hatusemi kuku wao anampita mgebuka. Tunasema kwamba kwa mwanamke aliye mbali na nyumbani, kile kitu ambacho wengine wanakidharau, yaani kufanana kwa kila tawi, ndicho kinachomfanya akae ameketi kama mtu mzima. Mahali padogo panategemea unajulikana na nani. Kama unajulikana, utakula vizuri na kwa bei nzuri. Kama hujulikani, na ni mwanamke, na una lugha ya kigeni, unalipia vitu hivyo vyote juu ya mchele.

Mmoja wetu ni mwalimu wa historia, na alituambia kwamba jambo hili si jipya. Katika mji wa London, zamani, mwanamke mwenye heshima hakuweza kuingia mahali pa kula peke yake. Mahali pa kula palikuwa pa wanaume na pombe. Mwanamke aliyekwenda mjini kununua vitu alishinda na njaa, au alirudi nyumbani mapema. Halafu kampuni ya mikate iliyoitwa Aerated Bread Company ikafungua nyumba ya chai mwaka 1864, ikaongeza nyingine na nyingine. Mwaka 1894 kampuni ya Lyons ikafungua ya kwanza yake kwenye barabara ya Piccadilly, na baadaye ikawa na zaidi ya 200. Zote zilifanana: mbele rangi nyeupe na dhahabu, ndani chai na keki kwa bei ileile. Makarani wa kike, walimu, wake waliokuja sokoni, wote waliingia na kukaa peke yao, na ulimi wa mtaa haukuwa na la kusema. Zile nyumba zilikuwa mnyororo kama hizi za leo, na katika mambo yaliyowapa wanawake wa mji ule nafasi ya kukaa nje ya nyumba, hata kufanya mikutano yao, kikombe cha chai cha bei ndogo kimo.

Tukisema London, mtadhani tunasema mambo ya mbali. Haya, tuseme Uvira. Yule mwalimu anakaa Kiliba na anafundisha hapa mjini. Miaka kumi na moja sasa, saa sita ya mchana, anakula mkate na ndizi nyuma ya darasa, amegeukia ukuta. Kuna restora nne karibu na shule. Hajaingia hata moja peke yake. Anajua kitakachosemwa: huyu hana jiko? Bwana yake amemshinda? Anamngoja nani? Mwanaume mwenzake wa kazi anaingia palepale kila siku, anakula bugali, anachokonoa meno, na hakuna anayeuliza kama ana jiko. Tena restora zetu nyingi jioni zinageuka nganda, chupa zinapanda mezani, na mwanamke aliyekuwa anamalizia sahani yake anaonekana kama amekuja kwa ajili ya chupa.

Basi tuwataje tunaowapenda, maana tuliahidi, na kuna wamama wanaojiandaa kwa safari.

Wa kwanza ni huyo Kenchic. Kampuni ilianza mwaka 1984, inafuga kuku wake yenyewe, na kuku haohao ndio wanaokwenda kwenye zile restora. Agizeni robo yenye paja, msiagize kifua, kifua kinakauka. Pilipili unajiwekea mwenyewe. Viazi vinatosha watu wawili kama wawili hao ni wa kiasi. Sisi hatukuwa wa kiasi.

Wa pili ni Java House. Hapo tuwe wakweli: si mahali pa kila siku kwa mfuko wetu. Tuliingia mara moja, siku ya mwisho, biashara ikiwa imekwenda vizuri, na sisi wanne tuliagiza chai ya viungo vikombe vinne na sahani mbili za kugawana. Mhudumu alileta sahani nne tupu bila kuombwa na bila kukunja uso. Java ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 1999, mtaa wa Adams Arcade, ili watu wa Kenya wanywe kahawa ya Kenya, maana iliyo nzuri ilikuwa inapanda meli na wao wanabaki na chai. (Sisi watu wa Kivu tusicheke. Kahawa yetu inakwenda wapi?) Lakini tulichokipenda zaidi pale, mtatusamehe, ni choo. Kinafungwa kwa ndani, kina maji, kina sabuni, kina mahali pa kutundika mkoba. Mwanamke aliyesafiri kwa basi siku mbili anajua kwa nini tunaandika hivyo kwenye jarida la familia.

Wa tatu yuko katika nchi yetu wenyewe, ila mbali: Hungry Lion, wa kampuni ya Afrika ya Kusini, kule Lubumbashi. Mmoja wetu alikwenda huko kwa arusi ya mdogo wake, na siku ya kuondoka watoto wa arusi walimvuta mkono mpaka pale. Anasema kuku alikuwa wa moto sana na kelele za watoto zilikuwa nyingi sana, na kwamba aliona wamama watatu, kila mmoja peke yake na watoto wake, wamekaa bila haraka.

KFC tuliijaribu pia, iko Nairobi tangu 2011. Ule unga wake wa nje haukutuingia, lakini watoto wenu wataupenda. Tunaitaja kwa sababu ya hadithi yake tu, ambayo mama mkubwa wetu inamhusu. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe kwenye picha, Sanders, hakuanza na kampuni. Mwaka 1930 alikuwa na kituo cha petroli kando ya barabara, mji mdogo wa Corbin, jimbo la Kentucky, Marekani, na alikuwa anawapikia wasafiri chakula. Alipompa mtu mwingine ruhusa ya kupika kuku kwa namna yake na kutumia jina lake, mwaka 1952, alikuwa na miaka 62. Mpishi wa kando ya barabara, wamama. Kama wa Sange, kama wa Makobola.

Sasa tufike kwenye mahali ambapo mama mkubwa ana haki, maana anayo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2022, KFC ya Kenya ilikosa viazi vya kukaanga. Kenya ni nchi inayolima viazi mlima kwa mlima! Ikajulikana kwamba vile viazi vilikuwa vinatoka nje ya nchi vikiwa vimekatwa tayari, meli zikachelewa, na wakulima wa viazi wa Kenya hawakuwa kwenye orodha ya wanaokubaliwa kuuza. Watu walikasirika sana, wengine wakasema tusile tena kwao, mpaka kampuni ikasema itatafuta viazi vya nchini. Tukifikiria restora kama hiyo imewekwa hapa kwetu, kando ya barabara kubwa, tunaona samaki aliyegandishwa kutoka nchi ya mbali akiuzwa mita mia mbili kutoka ziwa. Hatulitaki hilo.

Faida nayo inatembea. Java House imekwisha kununuliwa na kuuzwa mara kadhaa na makampuni ya feza ambayo hayajawahi kupika chai. Faida ya mama wa Mulongwe inalala Mulongwe. Imewasomesha watoto wake watano, na mmoja wao ni muuguzi aliyetuzalisha baadhi yetu.

Na kuna jambo la tatu ambalo sisi tulilikumbuka tu tulipokaa kuandika. Yule dada wa kaunta Nairobi alitutendea vizuri, lakini kama tungekosa shilingi hamsini hangetupa sahani. Hana ruhusa. Mwezi wa nne wa 2020, mto Mulongwe uliposhuka usiku na mawe na kubeba nyumba pamoja na watu, mama mkubwa wetu alipika masufuria mawili ya maharagwe asubuhi na hakuandika deni la mtu. Wengine tulikula pale siku sita. Restora ya jina moja haiwezi kufanya hivyo mpaka ofisi ya mbali ikubali, na ofisi ya mbali saa ile imelala.

Kwa hiyo hatukuandika ili restora za wageni zije kuwaondoa wamama wetu. Tuliandika kwa sababu tunataka kile kitu kimoja walicho nacho. Siku ya pili tulikwenda Mulongwe kumwambia hivyo ana kwa ana, kabla hajasomewa.

Tulimkuta anachambua ndakala. Tukaagiza wote wanne, tukalipa kabla. Tuseme ukweli juu ya chakula chake, kwa sababu hiki nacho ni kipenzi chetu kuliko hao wote wa juu: ndakala wabichi waliokaangwa mpaka mikia inalia mdomoni, nyanya na kitunguu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, sombe iliyotwangwa hasa na kupikwa kwa mawese, na bugali ya mhogo na mahindi iliyosongwa ngumu. Halafu tulimwambia jambo tuliloligundua njiani. Binti yake wa kwanza ana restora Kalundu, karibu na bandari. Wa pili anapika Kavimvira, kabla ya mpaka, kwa wanaovuka kwenda Bujumbura. Sisi tumekula kote kutatu. Ile pilipili nzima iko kote. Sombe ni ileile. Hata namna ya kufunika bugali kwa sahani ya bati ni ileile.

"Mama," tukamwambia, "wewe una matawi matatu. Una mnyororo tangu zamani, ni jina tu ndilo linalokosa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba watu wetu wamekwisha kufanya mnyororo, akamtaja Chez Ntemba, zile nyumba za dansi zilizoanzia Lubumbashi zikavuka mpaka Zambia na nchi nyingine. "Wanaume wameweza wa kucheza," akasema, "nyinyi mnataka wa kula." Tukasema ndiyo, hasa.

Tukamwomba vitu vitatu, kwa restora zote tatu. Bei iandikwe ukutani, moja kwa kila mtu. Maji ya kunawa yenye sabuni yawe mlangoni, na yawe yametiwa dawa. Na iwepo meza moja ambayo chupa haipandi, mchana wala jioni, mwanamke akikaa hapo asiulizwe.

Juu ya meza alikubali mara moja, akasema angeiweka karibu na jiko lake na mwiko uko mkononi. Juu ya maji alitukatalia kwanza. Bidoni moja ina bei, na siku bomba likikauka bei inapanda mara mbili. Hapo yule mwenzetu anayefanya kazi na kituo cha afya alikaa karibu naye akamweleza pole pole. Watafiti waliangalia hesabu za wagonjwa wa kolera wa mji wetu huu wa Uvira, tangu 2009 mpaka 2014, wakazilinganisha na siku ambazo maji ya bomba yalikosekana. Baada ya siku za ukame wa bomba, wagonjwa walioingia waliongezeka. Maana yake siku ambayo bidoni ni ya bei kubwa ndiyo siku ambayo mikono ya wateja inahitaji kunawa kuliko siku zote. Mama mkubwa alimzika dada yake kwa kolera. Hakubisha tena. Alisema tu kwamba AVEC inunue ndoo tatu zenye bomba, na sabuni ataweka mwenyewe. Mkutano ujao tutaliweka mbele yenu, mje mmejiandaa kutoa.

Juu ya bei tuligongana. Alitutazama kama watoto. "Nyinyi mnasema bei iandikwe. Kuku wa Nairobi analala kwenye banda. Samaki wangu analala wapi?" Akatukumbusha tunachokijua wote tuliozaliwa kwenye mwambao huu: ndakala na mikebuka wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mzima taa haivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukoni, na kikapu kilichokuwa rahisi wiki iliyopita kinakuwa cha matajiri. Akiandika franka 3000 leo, baada ya wiki mbili atakuwa anakula hasara mbele ya watu.

Hatukuwa na jibu la haraka. Kenchic hana mwezi. Tulimaliza ndakala, tukanawa, tukakaa kimya, mpaka yule mjukuu aliyekuwa anaosha sahani akauliza kwa nini wasitumie chaki. Aandike asubuhi, baada ya samaki kufika. Mwezi ukiwa mzima, bei ya mwezi mzima. Lakini asubuhi ile ikishaandikwa, ni hiyo kwa wote mpaka jioni: kwa askari, kwa mwalimu, kwa mgeni kutoka Bujumbura, kwa mama asiyejua mji. Na apige simu Kalundu na Kavimvira waandike hiyohiyo.

Bibi yake alimwangalia muda mrefu. Akauliza ni nani atakayeandika kila asubuhi kabla ya shule, na binti akasema ni yeye.

Ubao ulitundikwa siku ya posho iliyopita. Tulipita kuuona, sisi wanne na mwalimu wetu wa Kiliba, ambaye alikaa kwenye ile meza karibu na jiko akala sahani nzima akiangalia barabarani. Bugali na ndakala, bugali na mgebuka, mchele na maharagwe, sombe ya kuongeza. Mbele ya kila bei binti amechora picha ya chakula chenyewe, kwa ajili ya wasiosoma, na ndakala ni wadogo sana hivi kwamba mama mkubwa amelalamika kuwa wateja watadhani anapunja. Chini kabisa, pembeni, kuna kuku mmoja ambaye hana bei. Tuliuliza kuku huyu ni wa nini, maana pale hapapikwi kuku.

"Huyo ni wenu," akasema. "Wa mashine."